Begi Moja la Mgongoni: Vifaa vya Kupiga Picha za Nyota kwa Pesa ya Kuungaunga

Ukisoma ushauri wa wapiga picha za nyota wa Ulaya na Marekani, huchukui muda kabla hujaambiwa ununue traka, yaani kile kimashine kinachoizungusha kamera taratibu ili iende sambamba na nyota. Kwao ni ushauri mzuri. Nyota ya Kaskazini wanaiona usiku kucha, wanaielekezea mashine, kazi imekwisha. Ukiwa Dar es Salaam nyota hiyo huioni kamwe. Ncha ya kusini ya anga, ambayo ndiyo ungeielekezea mashine yako, iko digrii 7 tu juu ya upeo, nyuma ya minazi na vumbi. Arusha ni digrii 3 na ushei, Nairobi digrii 1.3. Na nyota iliyo jirani na ncha hiyo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba hata wenzetu wa Australia, ambako iko juu zaidi, huitafuta kwa taabu.

Kwa hiyo foleni ya manunuzi yetu inapangwa upya. Lenzi inatangulia, tripodi inaifuata, nauli ya kwenda kwenye giza inahesabiwa kama kifaa, na traka inakaa mwisho kabisa, na ikibidi anaichonga seremala. Vyote viingie kwenye begi moja unaloweza kulipakata juu ya bodaboda bila dereva kuguna.

1. Sema kwanza unataka kupiga nini

Picha za nyota ni kazi tatu zinazoitwa kwa jina moja. Kuna anga pana: Njia Nyeupe (ule ukanda mweupe wa nyota) juu ya mbuyu, ngalawa ufukweni, mlima. Kuna mwezi na sayari, ambako darubini ndefu ndiyo yenye kazi na kamera ni jambo la pili. Halafu kuna nebula (mawingu ya gesi angani) na galaksi, vitu vidogo na hafifu vinavyotaka saa nyingi na subira ya mvuvi.

Hapa tunazungumzia kazi ya kwanza, kwa sababu ndiyo bahati tuliyojaliwa. Kitovu cha Njia Nyeupe, kwenye kundi la Kausi (Sagittarius), kiko digrii 29 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia. Mtu wa London anakiona kikichungulia tu, hakifiki digrii 10 juu ya upeo wake. Dar es Salaam kinapanda hadi digrii 68, karibu na utosi. Tena kinafanya hivyo wakati wa kipupwe, masika yamekwisha na mawingu yamepungua. Katikati ya Juni kinakuwa juu kabisa baada kidogo ya saa sita usiku. Mwishoni mwa Agosti ni kama saa mbili usiku, unapiga na unawahi kulala. Waliokuwa wakikitazama Kilimia ili kujua majira ya kulima walikuwa na anga hii hii, bila kifaa chochote.

Darubini usiinunue kwanza. Hasa ile ya plastiki ambayo boksi lake linajigamba kukuza mara 500 na zaidi. Huo ukuzaji upo, isipokuwa huoni kitu.

2. Kamera: mtumba unatosha

Kabla hujatoa pesa, fungua kamera ya simu yako utafute hali ya Pro. Kama inakuruhusu kuacha shata (pazia linaloruhusu mwanga kuingia) wazi sekunde 10 au zaidi, ifunge kwenye tripodi ujaribu usiku mmoja. Google waliweka hali maalumu ya nyota kwenye simu zao tangu Pixel 4 ya mwaka 2019, na picha zake si za kudharau. Ukiona usiku ule umekufurahisha hata na mbu wake, endelea.

Soko la mtumba limejaa kamera zilizochoshwa na harusi. Kwa nyota bado zina maisha. Canon EOS 600D ya mwaka 2011 ina skrini inayokunjuka, jambo utakalolishukuru kamera ikiwa imetazama utosini na wewe hutaki kulala chali mchangani. Haifiki gramu 600. Nikon D5300 ya 2013 ina megapikseli 24, chengachenga zake gizani (vile vidoti vinavyochafua picha) ni chache kuliko za Canon ya bei hiyo, na taima ya kupiga mfululizo imo ndani yake. Sony A6000 ya 2014 ni nyepesi kuliko zote, gramu 344, ila betri yake ndogo inaisha upesi. Canon 6D ya 2012 yenye senso (kile kibamba kinachonasa mwanga) ya fremu kamili, kubwa kuliko za hizo nyingine, inazishinda zote gizani, lakini lenzi zake nzuri ni nzito na zina bei. Kwa bajeti ya kuungaunga mimi singeanza nayo.

Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, usiipime kamera kwa kumpiga picha muuzaji. Funika lenzi kwa kifuniko chake, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 na shata sekunde 30, piga. Ile picha nyeusi ikuze kwenye skrini hadi mwisho. Vidoti vichache vyekundu na vya buluu ni kawaida ya senso iliyozeeka. Ukiona mistari iliyokatiza, au kona yenye mng'ao wa zambarau, irudishe. Kisha zungusha shata hadi baada ya sekunde 30 uone kama neno Bulb (shata inabaki wazi hadi uiachie) linatokea na kama linafanya kazi. Chomeka rimoti, usiambiwe tu kwamba tundu lake ni zima. Halafu andikishianeni mauziano yenye namba ya kamera, kwa maana kamera ya wizi huwa na bei nzuri ajabu.

3. Lenzi: hapa usibane pesa

Kamera mpya yenye lenzi mbaya itakupa nyota mbaya za megapikseli nyingi. Nyota ni nukta, na mwanga unaoupata kutoka kwenye nukta unategemea upana wa tundu ambalo mwanga huo unapitia. Piga hesabu: lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ile ya 18-55, ikiwa kwenye 18mm na f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana) ina tundu la milimita 5 hivi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28. Gawanya, zidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata mara 29. Kila nyota inakumwagia mwanga mara 29 zaidi, na hii ni lenzi ya bei ya chini kuliko zote za Canon zenye fokasi moja. Toleo la STM la mwaka 2015 lina gramu 160. Unaweza kulisahau mfukoni.

Hasara yake ni kwamba inaona eneo dogo, na nyota zinaanza kuvuta mkia mapema. Wapiga picha wana kanuni: chukua 500, igawe kwa urefu wa fokasi (ile namba ya mm) uliozidishwa na kipimo cha senso (1.5 kwa Nikon na Sony za senso ndogo, 1.6 kwa Canon), jibu ni sekunde unazoweza kuacha shata wazi. Kwa 18mm kwenye Canon ni sekunde 17. Kwa 50mm ni 6. Kwa macho yangu kanuni hii ni ya zama za filamu. Ukikuza picha ya kidijitali utaona mikia bado. Tumia 300 badala ya 500, upate sekunde 10 na karibu 4.

Kuna jambo ambalo kanuni hiyo haikuambii. Inachukulia kwamba unapiga nyota zilizo kwenye ikweta ya anga, ambako mwendo ni mkali kuliko kwingine kote, kama ule ukanda wa Jabari (Orion). Ukigeukia Salibu, msalaba wa kusini, ulio digrii 60 kusini, nyota zake zinasogea kwa nusu ya kasi hiyo. Shata unaiacha wazi kwa muda mara mbili ya ule wa kanuni. Kwenye kitovu cha Njia Nyeupe unaongeza kama asilimia 15 hivi.

Kwa mwenye Nikon, 35mm f/1.8 ya senso ndogo ndiyo ningeshika kwanza, gramu 200. Mwenye Canon achukue hiyo 50mm, apige vipande vitano au sita vinavyopishana na kuviunga baadaye, huku ile 18-55 akiiweka kwa ajili ya mandhari. Ukitaka mbuyu mzima na Njia Nyeupe kwenye fremu moja, tafuta Samyang 14mm f/2.8 au 16mm f/2. Hizi nyingi hazina fokasi ya kujiendesha, na watu wengine huzikimbia kwa sababu hiyo. Usikimbie: usiku fokasi ya kujiendesha haina inachokiona. Samyang 135mm f/2 inasifiwa kila mahali, na inastahili, lakini ina zaidi ya gramu 800 na bila traka haikufai.

Lenzi yoyote ya bei nafuu ikifunguliwa mpaka mwisho huzifanya nyota za pembeni zionekane kama popo walionyoosha mbawa. Ile ya f/1.8 ibane kidogo hadi f/2.5 au f/2.8, mbawa zinakunjwa.

Na ukinunua ya mtumba, hasa iliyoishi pwani, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi huku ukichungulia mbele. Utando kama wa buibui ndani ya kioo ni fangasi. Muuzaji atasema ni vumbi. Vumbi halina mizizi.

4. Tripodi na upepo wa kusi

Msimu wa Njia Nyeupe ndio msimu wa kusi. Tripodi ya alumini nyembamba kama fito, inayouzwa na ringi laiti kwa ajili ya video za simu, itatetemeka pwani usiku kucha na wewe utailaumu lenzi. Tafuta yenye kilo moja na nusu hivi, yenye ndoano chini ya nguzo ya kati, isiyo na viungo vinavyocheza ukiviminya. Ujaribu dukani: ifungue, funga kamera, igonge kidogo, tazama skrini ikiwa imekuzwa. Ikitulia ndani ya sekunde mbili tatu, chukua.

Nguzo ya kati usiipandishe. Miguu ifungue mapana, kaa chini kwenye mkeka, ning'iniza begi lenye mawe kwenye ndoano. Urefu hauna faida, nyota haziko karibu zaidi kwa sentimita 40.

5. Vidogo vinavyoharibu safari vikisahaulika

Rimoti yenye taima, inayoamuru kamera ipige picha 60 mfululizo bila wewe kuigusa. Angalia plagi yake: 600D na ndugu zake hutumia pini ya milimita 2.5, Nikon wana yao. Betri ya pili, maana 600D haichaji kwa pawabenki. Pawabenki yenyewe ni ya simu na ya mkanda wa joto wa kuzuia umande, ule unaofungwa kuizunguka lenzi. Bara huenda usiuhitaji, lakini Bagamoyo au Pemba baada ya saa tano usiku kioo kinalowa kama bilauri ya maji baridi. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu ya zawadi, macho yasipoteze uzoefu wa giza.

Ukiniuliza mgawo: katika kila shilingi kumi, nne kamera, tatu lenzi, moja na nusu tripodi, nusu vidogo hivi, na moja iliyobaki ni nauli na chai. Hiyo ya mwisho usiile. Lenzi ya milioni mbili Kinondoni inashindwa na lenzi ya mtumba Lushoto.

6. Usiku wa kwanza, bila traka

Tarehe uitafute kwenye kalenda ya Kiislamu ya ukutani: kuanzia mwezi 26 hadi mwandamo wa 3 usiku ni mweusi. Kuanzia mwezi 22 hivi pia kuna saa nzuri kabla ya usiku wa manane, mwezi ukiwa bado haujachomoza.

Kijijini, kabla ya yote, pita kwa mwenyekiti wa kitongoji ukiwa bado na jua. Mtu mgeni mwenye taa nyekundu shambani saa saba usiku ana maelezo mengi ya kutoa. Ni heri uyatoe mapema, ukiwa umekaa, na umwoneshe mzee picha kwenye simu. Aghalabu utapewa kijana wa kukaa nawe.

Zima fokasi ya kujiendesha. Elekeza kwenye nyota kali, Suheli (Canopus) au sayari ya Mshtarii (Jupiter) kama yupo, kuza skrini mara 10, zungusha polepole hadi nukta iwe ndogo kuliko zote, kisha bandika gundi ya karatasi kwenye ringi isisogee. ISO 1600, RAW (faili ghafi la kamera), f/2.8, sekunde ulizopiga hesabu. Piga 60 bila kugusa kitu. Mwishoni funika lenzi upige nyingine 15 za giza kwa mpangilio uleule. Hizo zitafuta vile vidoti vyekundu.

Nyumbani unazirundika picha zote kuwa moja. Siril na DeepSkyStacker ni programu za bure. Sequator nayo ni ya bure, ya Windows, na inajua kuishikilia ardhi isivutike wakati anga linapangwa. Chengachenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 16 zinazipunguza hadi robo, 64 hadi moja ya nane. Laptopu ya RAM ya giga 4 itafanya, ukiiacha na kwenda kuoga.

7. Traka ya seremala

Mikia ikishakukera, na ni hapo tu, nenda kwa fundi. Kifaa hiki kilipata umaarufu miaka ya 1970 kutokana na Mskoti aliyeitwa Haig, na kwetu kina upendeleo wa pekee: ncha ya anga ikiwa karibu na upeo, bawaba yake inalala karibu sawa na ardhi. Ulaya inabidi waiinamishe nusu wima. Sisi tunaiweka juu ya meza.

Unahitaji mbao mbili za sentimita 30 kwa 15, bawaba ya mlango isiyocheza, bolti ya M6 yenye sentimita 10 na nati yake. Mbao zifungwe kwa bawaba upande mmoja mfupi, kama kitabu. Kwenye ubao wa juu, pima milimita 229 kutoka katikati ya pini ya bawaba, toboa, zamisha nati. Kipimo hicho hakikuokotwa. Uzi wa M6 unapanda milimita moja kila mzunguko, dunia inajizungusha kwa dakika 1,436, na 1,436 ukiigawa kwa pai mara mbili unapata hizo 229. Ukizungusha bolti mara moja kwa dakika, ubao unafunguka kwa kasi ya anga. Ncha ya bolti ikanyage kipande cha bati kwenye ubao wa chini. Kichwani gundishia kifuniko cha ndoo chenye alama nne.

Juu, karibu na bawaba, weka kichwa cha tripodi cha kuzunguka pande zote. Hapa nilipata hasara. Skrubu ya kamera ni ya robo inchi, si M6, ingawa kwa macho zinafanana. M6 inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anaongeza nguvu kidogo, na uzi wa kamera umekwenda. Mwambie robo inchi, na mwenyewe uijaribu kwa vidole viwili.

Uwekaji: bawaba iwe upande wa magharibi, pini yake ikielekea kaskazini na kusini, ubao ufungukie mashariki. Tumia pimamaji, kisha inua ukingo wa kusini kwa kipande cha ubao. Kwa upana wa sentimita 15, Dar es Salaam ni sentimita 1.8, Arusha milimita 9, Nairobi milimita 3. Kampala iweke sawa tu. Kusini halisi utaipata kwa dira ya simu iliyowekwa kwenye kaskazini ya kweli, mbali na chuma. Au mchana simika kijiti, chora duara kukizunguka, weka alama pale kivuli kinapogusa duara asubuhi na alasiri. Mstari kati ya alama hizo ni mashariki na magharibi. Ukikosea digrii mbili, kwa shata ya dakika moja na lenzi ya 50mm, nyota inasogea kama pikseli mbili kwenye 600D. Inavumilika.

Kisha tazama mshale wa sekunde, na kila sekunde 15 sogeza robo, upande ule wa kukaza. Shata ya sekunde 4 imekuwa ya dakika nzima. Ukifika dakika 10 rudisha bolti uanze upya, kwa sababu bolti iliyonyooka huanza kukosa kasi ubao unavyofunguka.

8. Kama kuna ndugu anarudi na sanduku

Traka za dukani kama Star Adventurer 2i au SkyGuider Pro zinabeba hadi kilo 5 na ni kazi safi, ila kabla ya kuagiza hakikisha kitako chake kinashuka hadi digrii za kwenu. Za kujaza kama saa ya ukutani, zipo zinazofuata anga la kaskazini peke yake, uliza. Kama moyo wako uko kwenye nebula, usinunue chochote nilichotaja juu, dunduliza kwa ajili ya Seestar S50, darubini ya kilo 2.5 iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 499, inayojitafutia nyota na kurundika picha yenyewe. Njia Nyeupe nzima haitakupa, eneo lake ni dogo, na kitu kikiwa utosini kabisa inahangaika. Subiri kiinamie.

9. Kuhifadhi

Pwani fangasi hawalali. Mchele si dawa, vumbi lake linaingia kwenye ringi za lenzi. Nunua kontena la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, weka silika jeli ya gramu 200 au 300 ndani yake pamoja na kamera, na begi libaki nje, maana kitambaa chake ndicho kinachotunza unyevu. Silika ikibadilika rangi, ikaange kwa moto mdogo hadi irudie ya mwanzo, kwenye sufuria kuukuu ambayo haitarudi tena jikoni. Ile ya buluu ina kobalti, nayo ni sumu.